Mazoezi ya Gofu Yanayopunguza Mapigo

Mcheza gofu wa ridhaa mwenye saa mbili tu za mazoezi kwa wiki mara nyingi huzimaliza kwa kupiga ndoo nzima ya mipira kwa draiva, yaani fimbo ya kupigia mbali, na furaha anayoipata mpira unapokwenda mbali haionekani kwenye kadi ya alama siku ya mashindano. Kabla hujanunua ndoo nyingine, cheza raundi tatu ukiandika kando ya kila shimo mapigo uliyotumia baada ya mpira kufika kwenye griini, yaani eneo la nyasi fupi sana linalozunguka shimo. Uwanja ambao kiwango chake ni mapigo 72 hukadiriwa kwa kuhesabu mapigo mawili katika kila griini kwa mashimo 18, yaani 36, ambayo ni nusu ya mchezo wote. Kwa hiyo nusu ya muda wako, na mimi ningesema hata zaidi kwa anayeanza, itumike karibu na shimo.

Shimo lina upana wa milimita 108. Ukiwa mita moja kutoka shimoni, unaweza kukosea mwelekeo kwa karibu nyuzi tatu na mpira bado ukaingia. Ukiwa mita tatu, nafasi hiyo hupungua hadi nyuzi moja. Ndiyo maana mapigo ya mita moja hayana budi kufanyiwa kazi mpaka yawe ya uhakika: zungushia shimo mipira sita, na ukikosa mmoja, anza upya. Kwa masafa marefu, shughulikia kwanza nguvu ya pigo. Piga mpira mmoja kutoka mita 12, unaofuata kutoka mita 5, kisha mita 9, bila kurudia umbali uleule mara mbili mfululizo, na ujipe alama kila mpira unaposimama ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka shimoni.

Utaratibu huohuo wa kubadilisha ufuate unapopiga mipira ya mbali. Uwanjani hupati nafasi ya kurudia pigo, basi hata mazoezini usijizoeze kurudia. Fikiria shimo la kwanza la klabu yako: piga draiva, kisha fimbo namba saba, kisha fimbo fupi, na kila mara simama nyuma ya mpira uchague shabaha kabla ya kuusogelea. Siku hiyo utaona unapiga vibaya kuliko ulivyozoea, na wengi hukata tamaa hapo. Vumilia, kwa sababu mwili unajifunza kuliunda pigo upya kila mara, jambo ambalo mchezo wenyewe unalidai.

Umbali wa kila fimbo nao uandikwe, pamoja na mahali ulipoupima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Mchezaji wa huko anayeshuka Mombasa na vipimo vyake vya nyumbani ataangusha mipira kabla ya griini. Afike siku moja mapema, apige mipira kumi kwa kila fimbo anayoitegemea, na aandike vipimo vipya.