Kufunga kihisi cha joto cha faiba kwenye gamba la kompresa

Wiki iliyopita nilikuwa na fundi kijana kwenye benchi la kujaribia injini. Tulifunga kihisi cha faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, kando ya termokapo, kipimajoto cha kawaida cha nyaya mbili za metali, kwenye gamba la nje la kompresa, sehemu inayobana hewa, ili tuone kama kinafaa kuilisha FADEC, kompyuta inayotawala injini ya ndege. Naandika tulivyofanya.

1. Chagua faiba. Koti la kawaida la akrileti huishia nyuzijoto 85 hivi. Chukua la polimidi, linalohimili takriban 300.

2. Pitisha faiba mbali na kingo kali, bila kuikunja sana.

3. Funga greti, yaani kile kipande kilichochorwa kwa leza ili kiakisi urefu mmoja tu wa wimbi. Hapa nenda taratibu. Karibu na nanomita 1550, urefu huo wa wimbi husogea pikomita 10 hivi kwa kila nyuzijoto moja. Lakini husogea pia faiba ikivutwa, na kisomaji, kifaa kinachopima mwanga unaorudi, hakiwezi kutofautisha joto na mvuto. Mara yangu ya kwanza niliigandisha greti kwa gundi ya epoksi moja kwa moja kwenye chuma. Gamba lilipopata joto la nyuzi 40 zaidi, kihisi changu kilidai 95. Siku mbili nzima nilikilaumu kisomaji, nikabadilisha nyaya, nikarudia vipimo, kumbe chuma kilikuwa kinatanuka na kuivuta faiba pamoja nacho.

Kwa hiyo ingiza greti ndani ya kibomba chembamba cha chuma cha pua. Gundisha faiba mwanzoni mwa kibomba tu. Ncha ya ndani ibaki huru kabisa, na mwisho wa kibomba uzibwe. Kisha funga kibomba chenyewe kwenye gamba. Angalia gundi isitiririke ndani hadi kwenye greti. Tone dogo tu linakurudisha kwenye kosa langu. Wapo wanaopendelea kugundisha greti mbili na kukokotoa tofauti. Mimi nashikilia kibomba, maana hesabu hiyo huharibika gundi ikianza kulegea kwa mtetemo.

4. Safisha konekta kila unapoifungua, hata kama ni mpya. Kiini cha faiba, kinamopita mwanga, kina upana wa mikromita 9 tu. Chembe moja ya vumbi yatosha kukiziba. Konekta ya kijani, iliyokatwa kwa pembe, iunganishe na ya kijani mwenzake tu.

5. Linganisha na termokapo wakati injini inapanda joto na tena inapopoa. Mistari ya vipimo hivyo viwili ikiachana wakati wa kupoa, fungua kibomba ukague gundi kabla ya kugusa programu.