Samaki mmoja ana namba nne: jinsi ya kuvipa vitabu namba na vichwa vya mada

Juzi mwalimu mmoja wa huku Mbagala kanitumia picha ya maboksi sita ya vitabu vya msaada yamepangwa nyuma ya darasa, anasema dada naomba unielekeze namna ya kuvipa namba, wamenikabidhi maktaba na mimi nafundisha Jiografia. Nikaona bora niandike ili na wengine wasome maana najua hayuko peke yake.

Kitu cha kwanza, namba inasema kitabu kinakaa wapi kwenye shelfu, na kitabu hakiwezi kukaa sehemu mbili, kwa hiyo namba ni moja tu basi. Vichwa vya mada ni yale maneno msomaji atakayotafutia kwenye katalogi, yani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, hayo yanaweza kuwa mawili au matatu. Watu wanapoteza nusu saa nzima wanatafuta namba itakayobeba kila kilichomo ndani ya kitabu, hiyo namba haipo, acha kuitafuta.

Ninacho hapa mezani kijitabu cha kufuga perege kwenye mabwawa, tukitumie hiki hiki. Usianzie kwenye jina la kitabu, majina yanadanganya sana. Shule moja niliyowahi kujitolea nilikuta riwaya imekaa kwenye kilimo miaka na miaka kisa jina lake lina neno shamba, ndani ni mapenzi na ugomvi wa mirathi mwanzo mwisho! Fungua yaliyomo, soma utangulizi, chungulia sura mbili tatu. Hiki changu kina kuchimba bwawa, chakula, magonjwa, na sura moja fupi ya soko. Halafu jiulize, mtu atakayekihitaji akisimama mbele ya meza yangu atasemaje? Atasema "nataka kitabu cha kufuga samaki". Hiyo ndo mada yako, ile sura moja ya soko isikusumbue.

Sasa twende kwa Dewey. Melvil Dewey ni Mmarekani, mfumo wake ulitoka 1876, aligawa elimu yote kwenye makundi 10 kuanzia 000 mpaka 900, na shule na maktaba nyingi ndogo zinautumia kwa sababu ni tarakimu tu. Lakini kuna siri moja ambayo usipoielewa utapata tabu kila siku: Dewey hapangi vitu, anapanga fani. Yani hakuna sehemu moja inaitwa samaki. Samaki kama kiumbe, mapezi na matamvua, yuko 597 na wanyama wenzake wa sayansi. Samaki wa kuvuliwa, ile kazi ya wavuvi wanaoshusha pale Feri alfajiri, 639.2. Samaki wa kufugwa 639.3, na wa bwawani 639.31. Samaki akishaingia kwenye sufuria na nazi ni 641.692. Samaki mmoja, nyumba nne! Kwa hiyo kijitabu changu ni 639.31, nikikiweka 639.2 nimemchanganya mvuvi na mfugaji, na hilo ndo kosa ninalolikuta mara nyingi.

Hapo sasa ndo utaona umuhimu wa vichwa vya mada, vinakusanya kile ambacho namba zimekitawanya. Msomaji akitafuta "Samaki" kwenye katalogi anaona vyote vinne na anajua aelekee shelfu ipi. Orodha kubwa ya vichwa inayotumika duniani ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa maktaba ndogo kuna ya Sears ambayo ni nyepesi zaidi, zote kwa Kiingereza. Mi kwa sekondari natumia hivyo hivyo vya Kiingereza, kwa msingi naandika Kiswahili maana mtoto wa darasa la tano hawezi kutafuta kwa lugha asiyosomea. Chagua moja usichanganye.

Sheria kubwa ya vichwa ni kwenda kwenye jambo lenyewe, usiishie juu juu. Charles Cutter, mkutubi wa Marekani, aliisema hiyo mwaka ule ule wa 1876 na mpaka leo bado inafuatwa. Kitabu cha perege kipe "Perege – Ufugaji", sio "Kilimo". Ukikipa Kilimo kitazama pamoja na mahindi na korosho na kila kitu. Cha pili nimeweka "Mabwawa ya samaki". Viwili vinatosha.

Sasa hapo kwenye perege, kuna mtu atakuja anasema sato, mwingine wa Kanda ya Ziwa atasema ngege. Chagua neno moja liwe ndo kichwa, mengine uyawekee "tazama": Sato, tazama Perege. Na ukishaamua ANDIKA kwenye daftari. Daftari hilo ni mali kuliko kompyuta, kwa sababu baada ya miezi minane utakuwa umesahau uliandika Perege au Sato, utaandika lingine, na vitabu ndugu vitaachana bila mtu kujua.

Vingine vinavyosumbua huku kwetu: fasihi ya Kiswahili ni 896.392, lugha yenyewe 496.392, lakini methali haziendi huko, ziko 398.9, vitendawili 398.6 na hadithi za jadi 398.2. Mitishamba 615.321, malaria 616.9362. Historia ya Tanzania 967.8, Zanzibar 967.81. Ukitaka kuonesha nchi kwenye mada nyingine unaongeza 09 (alama ya mahali) na 678 (Tanzania), mfano elimu ni 370, sifuri ya mwisho ni ya kujazia tu kwa hiyo unaitoa kwanza, elimu Tanzania inakuwa 370.9678, ila kila kitabu ukikifanyia hivyo lebo itakuwa ndefu kuliko mgongo wa kitabu, wakati maktaba yenyewe ipo Temeke. Kwenye dini ndo kichekesho, Ukristo kapewa 220 mpaka 280 na zaidi, Uislamu wote kabanwa kwenye 297, Qur'ani ni 297.122. Kwa Dar hiyo shelfu ya 297 inajaa haraka, we iachie nafasi mapema.

Kama huna kitabu cha Dewey tafuta kwanza kwenye katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni bure mtandaoni. Wana ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua vitabu vya ukanda wetu, ndo maana utakuta humo hata vya Kiswahili vilivyochapwa hapa hapa Dar. Fungua rekodi kwa muonekano wa MARC, yani ule unaogawa taarifa za kitabu kwenye sehemu zenye namba, namba ya Dewey iko sehemu ya 082 kama ipo, vichwa viko 650, na ukitumia Koha, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, unajaza sehemu hizo hizo. Ila usinakili kama kasuku, angalia kwanza vitabu vyako vya mada hiyo umeviweka wapi.

Kupanga kwenye shelfu: baada ya nukta soma tarakimu moja moja. 639.12 inatangulia 639.2, usiseme kumi na mbili ni kubwa kuliko mbili. Wanafunzi wanaokusaidia kupanga wafundishe hili kabla ya kitu kingine chochote.

Namba iandike kwa penseli nyuma ya ukurasa wa jina, halafu lebo kwenye mgongo, vidole viwili kutoka chini, chini ya namba herufi tatu za mwandishi. Juu yake pitisha selotepu pana, kwa joto la huku lebo tupu inabanduka kabla mvua za masika hazijaisha.

Na wewe mwalimu wa maboksi sita, anza na boksi la vitabu vya kiada. Vile vinakuja nakala 30 za aina moja, ukipata namba ya kimoja umemaliza 30, mchana huo huo utakuwa umebakiwa na maboksi matano.