Matairi ya gari la spoti yakiisha, mambo ya kukagua kabla hujalipa hela

Gari la spoti la milango miwili likiisha matairi wengi wetu tunafanya kitu kimoja, tunainama, tunasoma yaliyoandikwa kwenye tairi lililopo alafu tunaenda kuuliza "mnazo kama hizi?". Tatizo ni kwamba hujui nani aliziweka hizo. Kama gari umelinunua mkononi mwa mtu inawezekana yeye aliweka saizi iliyokuwepo dukani siku hiyo, au alibadilisha rimu ili lipendeze, na wewe sasa unaenda kurudia kosa lake kwa hela yako mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote fungua mlango wa dereva, angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango au kwenye kitabu cha gari, hapo ndo kiwanda kimekuandikia saizi na presha ya mbele na ya nyuma. Piga picha ukae nayo kwenye simu.

Sasa zile namba. Chukua mfano 245/40 R18 97Y. 245 ni upana kwa milimita, 40 ni urefu wa ubavu wa tairi kama asilimia ya huo upana, R ni aina ya ujenzi wa tairi (radial, kama karibu yote ya siku hizi), 18 ni rimu kwa inchi. Hiyo 97 ni uzito ambao tairi moja linabeba, kilo 730, na Y ni spidi, yaani limejengwa kuhimili hadi kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240, H ni 210. Mtu atakwambia mbona wewe hufiki hata 180, chukua tu H ni imara. Usikubali. Ile herufi haihusu spidi peke yake, inahusu joto pia na jinsi ubavu ulivyojengwa kukaza, na gari la spoti usukani wake umepangwa ukitegemea ubavu mgumu, ukiweka tairi laini gari linaanza kuyumba kwenye kona na unabaki unalaumu sospensheni ambayo haina kosa lolote. Uzito na spidi usishuke chini ya vya kiwanda, kupanda ni sawa.

Ukitaka kubadilisha saizi piga hesabu ya urefu wa tairi zima kwanza. Hilo 245/40 R18 lina kipenyo cha kama milimita 653. Ukihamia rimu 19 na 245/35 unapata 654, hapo hamna shida yoyote. Lakini ukichukua 245/45 R18 kwa kuwa "inafanana fanana" unafika karibu 678, karibu asilimia 4 zaidi, maana yake spidi mita ikisoma 100 wewe uko kama 104, na kwenye kona kali tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani ya bodi.

Alafu kuna hili la mbele na nyuma kutofanana. Magari mengi ya spoti yanayosukumwa na tairi za nyuma yana saizi mbili, mfano Ford Mustang GT yenye ile pakeji ya Performance ilitoka na 255/40 R19 mbele na 275/40 R19 nyuma. Hapo huwezi kuhamisha za mbele ziende nyuma, kwa hiyo za nyuma zitaisha mapema na lazima ujipange hivyo kwenye bajeti. Na usidhani kupanua ni faida kila mara, Toyota GT86 ilipotoka 2012 ilikuja na 215/45 R17 pande zote, tairi nyembamba kabisa kwa gari la aina hiyo, na watu waliipenda kwa jinsi inavyojibu usukani na kucheza vizuri hata ukiwa spidi ndogo. Tairi pana linashika zaidi pakiwa pakavu ila kwenye maji yaliyotuama linaelea mapema kuliko jembamba, hilo linasahaulika sana.

Hapo ndo nataka tukae kidogo maana kwangu mimi mvua ndo inaamua tairi zuri na baya. Pakavu karibu tairi lolote jipya litakuvumilia. Gari zima limeshika ardhi kwa vipande vinne tu, kila kimoja kama kiganja cha mkono, na una injini yenye nguvu kwenye bodi fupi ambayo nyuma ni nyepesi, sasa lami ikilowa hivyo vipande vinne ndo kila kitu ulichonacho. Mimi niliwahi kuweka nyuma matairi ya mtumba, mifereji mirefu, yanang'aa, nikaona nimeokoa hela. Mvua ya kwanza nikiwa natoka taratibu kabisa kwenye mzunguko, nyuma ikaondoka bila hata taarifa, nikageuka nikawa naangalia magari niliyokuwa nimeyapita. Hakuna aliyeumia nashukuru Mungu mpaka leo. Nilipokuja kusoma ubavuni yalikuwa na miaka 9, mpira umekauka umekuwa kama plastiki.

Kwa hiyo umri lazima uuangalie, hata kwa tairi unaloambiwa jipya. Tafuta neno DOT ubavuni, mwisho wake kuna namba 4, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa haionekani upande mmoja iko upande wa pili. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanashauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka na likifika 10 litolewe hata kama mifereji bado ipo, mimi kwa gari la spoti siendi karibu na huo mwisho.

Aina ya mpira nayo jiulize kwa ukweli kabisa, gari unaliendesha wapi kila siku? Ukiwa sehemu ya joto mwaka mzima tairi la majira ya joto la kispoti ndo lako, linashika kavu na mvua pia. Sehemu yenye baridi jua kwamba chini ya nyuzi 7 hivi mpira wa tairi hilo unakaza na kushika kunapungua, kwenye barafu ndo kabisa usijaribu, hapo unahitaji seti ya baridi yenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Zile semi sliki (tairi karibu laini juu) za kwenda kukimbizia uwanjani zinavutia macho ila mifereji yake ni michache, zinataka zipashwe moto ndo zishike, na unaenda nazo kazini asubuhi zikiwa baridi na mvua inanyesha, hapana kwa kweli.

Kuna namba nyingine ubavuni inaitwa treadwear, inaonyesha uvumilivu wa kuisha. 200 kushuka chini ni laini sana, linashika na kuisha haraka, 300 hivi ni tairi nyingi za kispoti za barabarani, 500 ni la kudumu. Ila kila kiwanda kinajipa namba chenyewe kwa hiyo linganisha ndani ya brandi moja. Ulaya kuna lebo yenye herufi A mpaka E ya kufunga breki pakiwa na maji, hiyo naiangalia kabla ya ile ya mafuta na ile ya kelele.

Kama gari lilikuja na ranflati, zile zinazoendelea kutembea kilomita kama 80 kwa spidi isiyozidi 80 baada ya pancha, inawezekana halina hata nafasi ya spea. Ukihamia za kawaida gari litakuwa laini zaidi na tamu, ila beba pampu na dawa ya kuziba, panga hilo mapema usije kulifikiria usiku njiani.

Hela haitoshi zote nne? Nunua mbili zinazofanana kwa ekseli moja na zile nzuri ziende nyuma, hata kama gari linavutwa na mbele, maana nyuma ikiteleza kuirudisha ni kazi. Gari linalosukuma tairi zote nne hilo ni tofauti, soma kitabu, tofauti kubwa ya kuisha kati ya tairi inaumiza difu (gia zinazogawa nguvu kwenye tairi).

Kabla ya fundi kuanza angalia zile za zamani zimeishaje. Zikiisha ndani tu ni alaimenti (tairi hazijakaa kwenye mstari sawa), ukifunga mpya bila kurekebisha zitaliwa hivyo hivyo. Mwambie kama kuna sensa za presha ndani ya rimu asije akazivunja. Zikishafungwa hakikisha neno "outside" liko nje na mishale inaelekea mbele, makosa haya yanatokea kuliko unavyodhani. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Kilomita mia mbili tatu za kwanza nenda pole, mpira mpya bado una utelezi wa kiwandani. Na kesho yake asubuhi, gari likiwa halijatembea, pima presha mwenyewe ulinganishe na ile picha ya kwenye simu.