Kabla Hujatuma Kiti Mwendo Mwanza

Mpwa wako amemaliza kidato cha nne, na kiti mwendo alichopewa akiwa shule ya msingi sasa kinambana nyonga. Wewe uko Minnesota, umeona cha umeme kinauzwa mtumba, unataka kukipakia kwenye kontena. Subiri kwanza. Mpigie simu yeye mwenyewe, si mama yake, umuulize anataka kwenda wapi kila siku: VETA, sokoni, kwa fundi cherehani?

Halafu uliza njia. Akikaa mitaa ya Mabatini au Igogo, nyumba ziko juu ya mawe, na kiti cha umeme cha kilo zaidi ya 50 kitabaki sebuleni kikifunikwa kitambaa. Hata kile cha kusukuma, vigurudumu vidogo vya mbele vilivyotengenezwa kwa sakafu ya vigae huzama mchangani. Bora cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa kubwa na limesogezwa mbali. Kipimo changu ni fundi baiskeli: tairi, spoku na beringi zikiwa za saizi anazouza, kiti kitadumu.

Ukishikilia cha umeme, soma chaja. Marekani ni volti 120, Tanzania 230; isipoandikwa 100–240, inaweza kuungua.

Vipimo vichukuliwe na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa mfano pale hospitali ya Bugando: upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu toka goti hadi kisigino. Asiyehisi makalio yake hupata vidonda, kwa hiyo pesa ikiwa ndogo, anza na mto mzuri wa kukalia.

Kwa asiyeona, gharama ni nafuu. TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, imo ndani ya simu nyingi za Android na husoma Kiswahili. Kwenye kompyuta kazi hiyo hufanywa na NVDA, ya bure. Tuma bando. Faida kubwa, kwangu, ni kwamba asiyeona hahitaji tena kumpa binamu namba yake ya siri ya M-Pesa.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa watu wenye ulemavu, lakini wakala wako aulize TRA nyaraka zinazotakiwa kabla mzigo haujaondoka.

Mtaji wa biashara, kama anataka kuanzisha, nao usiubebe wote. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 2 kati ya hizo zikiwa za watu wenye ulemavu. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.