Kutafuta kifaa cha umeme kilichoharibika kwenye gari la turbo lililoongezewa vifaa

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniletea Subaru Forester yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) iliyokwisha kubadilishiwa sensa (vihisio) tatu, lakini bado ilikosa nguvu kila ilipopanda kutoka Mombo kwenda Soni. Sensa zote tatu zilizotolewa nilizikuta nzima.

Hatua ya 1. Pima betri: karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.4 ikiwa inaunguruma.

Hatua ya 2. Soma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya injini) kwa mashine ya kusomea na uziandike zote kabla ya kuzifuta.

Hatua ya 3. Kagua ethi (waya zinazounganisha injini na bodi na upande hasi wa betri), kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vyake. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, gusa bloku (mwili wa chuma wa injini) kwa waya mmoja wa mita ya umeme na kichwa hasi cha betri kwa mwingine. Ukiona zaidi ya volti 0.2, fungua na usafishe. Tumia mita ya dijitali tu. Taa ya kupimia siikubali kwenye waya za sensa, kwani huvuta mkondo mkubwa mno.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Kompyuta ya injini hugawa volti 5 kwa sensa kadhaa, hivyo moja ikipiga shoti, nyingine hulalamika pamoja nayo, na kodi nyingi zinazotokea kwa mara moja hazina maana kwamba sensa nyingi zimekufa. Pima volti hizo kwenye soketi ya sensa, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Zikiwa zimeshuka, chomoa sensa moja moja, ukizima swichi kila mara, hadi zirudi. Zisiporudi, tatizo limo kwenye waya au kompyuta. Zikiwa sawa, usiridhike bado: rudia kipimo injini ikiwa ya moto, kisha tikisa fungu la waya kwa mkono huku ukitazama mita. Nilipogusa waya wa sensa ya geji ya turbo (saa ya kuonyesha presha ya turbo), iliyoongezwa na fundi wa awali, 5.0 ilianguka hadi 0.3. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka kando ya turbo, na injini ilipoinama kwa uzito wa mlima, shaba iligusa chuma.

Hatua ya 5. Kata kipande kilichoungua, unga kwa risasi ya kulehemu, funika kwa mpira unaonywea kwa joto, wala si tepu, kisha upitishe waya mbali na turbo. Jaribu gari kwenye mlima uleule lilikosumbua.