Meza ya Vinywaji ya Kujihudumia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Wageni Kufika

Mwenye sherehe anapoamua kwamba wageni watajimiminia vinywaji wenyewe, mara nyingi huwa anatafuta nafuu: hataki kuzunguka na sinia muda wote, wala hataki kumweka mtu mmoja akimimina huku wenzake wakizungumza. Nafuu hiyo ipo, lakini hupatikana kwa kuifanya kazi mapema. Kila swali ambalo mgeni angemuuliza mhudumu, kama vile glasi ziko wapi, hiki ni kinywaji gani, kimetiwa sukari au la, barafu iko wapi na glasi iliyotumika iwekwe wapi, sharti lijibiwe na meza yenyewe, na meza haisemi ila kwa mpangilio wake. Ndiyo maana maandalizi yanayofaa hayaanzi na uchaguzi wa juisi na soda. Huanza na mahali, barafu, vyombo na taka, maana nimehudhuria zaidi ya sherehe moja ambayo vinywaji vilikuwa tele na watu bado wakakaa na kiu.

Mahali pachaguliwe kwa kufikiria njia ya watu kabla ya pambo. Meza iliyo karibu na mlango huziba kuingia na kutoka, kwa sababu mgeni anayechagua, anayetia barafu na kumimina husimama hapo kwa muda, na nyuma yake wanajipanga wengine. Iliyo bega kwa bega na meza ya chakula huunganisha foleni mbili kuwa moja. Panapofaa ni pembeni kidogo, mahali panapoonekana na watu wengi, na ikiwa nafasi inaruhusu meza isiegemezwe ukutani, ili ifikiwe kwa pande mbili na anayeongeza vinywaji apite nyuma bila kukata foleni. Kama sherehe ni ya nje, kivuli kikaguliwe siku iliyotangulia kwa saa ileile ambayo wageni watakuwapo, kwa sababu kivuli cha saa nne asubuhi huwa kimekwisha kuhama ifikapo saa tisa alasiri. Nyaya za umeme zisipite chini ya meza wala mbele yake, kwa kuwa sakafu ya hapo italowa hata wageni wakiwa waangalifu.

Uzito nao husahauliwa. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo vyombo vitatu vya lita 8 vikijazwa vina kilo 24 kabla ya kuhesabu vioo vyenyewe. Miguu ya meza ya kukunja ifungwe barabara, na vyombo vizito vikae juu ya miguu hiyo, si katikati ya ubao. Kitambaa cha meza kisining'inie hadi karibu na sakafu, kwa sababu mtoto anayejishikiza ili asimame hukivuta pamoja na kila kilicho juu yake.

Katika kukadiria kiasi, kanuni inayotumiwa na waandaaji wengi ni kuhesabu glasi mbili kwa kila mgeni katika saa ya kwanza na glasi moja kwa kila saa inayofuata. Wageni 40 katika sherehe inayodumu saa nne watahitaji basi glasi 200, na ikiwa glasi ni ya mililita 250 hizo ni lita 50 kwa jumla. Kwenye joto kali au panapochezwa muziki, idadi hiyo iongezwe. Kwa maoni yangu, angalau theluthi ya kiasi hicho iwe maji matupu, na maji yawekwe kwenye meza ndogo ya peke yake au mwisho kabisa wa meza kubwa, ili anayetaka maji tu asisubiri nyuma ya anayepima ladha tatu. Aina za vinywaji zisiwe nyingi. Maji, kinywaji kimoja kitamu, kimoja kisicho na sukari nyingi na kimoja cha moto vinatosha kwa hafla nyingi, na kila aina inayoongezwa huongeza chombo cha kuosha, lebo ya kuandika na sekunde za kusitasita.

Glasi au vikombe vihesabiwe tofauti na wageni. Mtu huweka glasi yake mahali, akageuka kusalimiana, na akirudi hajui ipi ilikuwa yake, kwa hiyo huchukua nyingine. Vikombe vya kutupa viwe takriban viwili kwa kila mtu, na pembeni pawekwe kalamu ya wino usiofutika ili kila mmoja aandike jina lake, jambo dogo linalopunguza upotevu kwa kiasi kikubwa. Glasi za kioo zisitumike mahali ambapo watu watatembea miguu mitupu.

Jambo linalostahili fikra nyingi kuliko vinywaji vyenyewe ni barafu. Ikiwa itatumika kupoza chupa na pia kutiwa kwenye glasi, kilo moja kwa kila mgeni ni makadirio ya busara, na friji ya nyumbani haiwezi kugandisha kiasi hicho kwa usiku mmoja. Anayeitengeneza mwenyewe aanze siku kadhaa kabla, akihamisha vipande vilivyoganda kwenye mifuko safi na kujaza trei upya. Barafu ya kunywa na barafu ya kupozea zisichanganywe kamwe. Ile inayozunguka chupa huguswa na mikono, vumbi na karatasi za chupa, na kuganda hakuui vijidudu vyote, hivyo barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyo safi hubaki kuwa maji yasiyo safi. Barafu ya glasi ikae kwenye chombo chenye kifuniko pamoja na koleo au kijiko chenye mpini mrefu, na idadi ya makoleo iwe mbili, kwa sababu la kwanza litaangukia sakafuni. Mgeni asilazimike kuchota kwa glasi yake: ukingo wa kioo ukivunjika ndani ya barafu hauonekani, na hapo hakuna njia ila kumwaga barafu yote na kuosha chombo.

Kwa kupoza chupa, watu wengi hujaza beseni barafu tupu wakidhani ndiyo njia ya haraka. Barafu tupu huigusa chupa kwa ncha chache tu, na nafasi zilizobaki ni hewa. Maji yakimiminwa hadi yaifunike, chupa huzungukwa na baridi pande zote na hupoa kwa takriban nusu saa, wakati ndani ya friji ingehitaji saa kadhaa. Gao la chumvi hushusha joto la maji hayo chini ya nyuzi 0 na kuharakisha zaidi. Mapande makubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa hiyo ni vyema kugandisha maji kwenye makopo makubwa kwa ajili ya beseni na kuviachia vipande vidogo kazi ya glasi.

Vyombo vyenye koki vinapendeza, lakini ndivyo vinavyoaibisha. Kila kimoja kijazwe maji siku moja kabla na kuachwa juu ya karatasi kavu kwa saa moja. Kinachovuja kwa kawaida kina mpira wa koki uliokaa upande au nati iliyolegea, na kukaza kidogo hutosha. Koki ipimwe pia kwa glasi halisi itakayotumika, kwa sababu glasi ndefu haiingii chini ya koki iliyo karibu na meza. Chombo kiinuliwe juu ya kibao imara au kisogezwe ukingoni, na chini ya koki pawekwe bakuli dogo la kupokea matone. Kuna kasoro moja iliyonichosha akili siku nzima nilipokutana nayo mara ya kwanza: koki ilitiririsha vizuri glasi tatu, kisha ikapunguza kasi, ikatoa tone moja moja, na mwisho ikakoma kabisa, ilhali juisi ilikuwa imejaa na hakuna kilichoziba. Nilipoinua kifuniko ili nitazame ndani, juisi ilianza kumwagika yenyewe. Kifuniko kilikuwa kimebana mno, hewa haikuweza kuingia kuchukua nafasi ya juisi iliyotoka, na mvuto wa ndani ukaizuia iliyobaki. Tangu hapo kifuniko hukilegeza kidogo, au hutafuta chenye tundu la hewa.

Koki huzibwa pia na nyama ya tunda, mbegu na majani ya mnanaa. Juisi ichujwe kabla ya kutiwa, na vipande vya limau vya kupamba viwe mapana kuliko mdomo wa koki. Ikiwa juisi ni nzito na hutulia chini, jagi na upawa vinafaa kuliko koki. Vinywaji vyenye uchachu, kama vile vya limau au chungwa, visikae kwenye ndoo za bati lililopakwa zinki wala vyombo vya shaba, kwa sababu asidi huyeyusha madini hayo na yakamdhuru mnywaji. Ndoo hizo zibaki kuwa za kupozea chupa zilizofungwa.

Sukari haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi, hulala chini na kumpa mgeni wa mwisho utamu usionyweka. Itengenezwe shira mapema kwa kuyeyusha sukari kwenye kiasi sawa cha maji moto, ipoe, kisha iwekwe kwenye chupa ili kila mtu ajipimie. Kinywaji kitakachokutana na barafu kifanywe kizito kidogo kuliko kawaida, maana barafu ikiyeyuka huongeza maji. Soda isimiminwe kwenye chombo kikubwa: gesi hutoroka, na hutoroka haraka zaidi kinywaji kinapopata joto. Chupa ndogo zilizo baridi, pamoja na vifungua chupa viwili vilivyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, ni suluhisho bora.

Kinywaji chenye maziwa na juisi mbichi vinahitaji uangalifu wa chakula kingine chochote kinachoharibika. Vijidudu huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, kwa hiyo vinywaji hivyo vibaki juu ya barafu muda wote, na vikikaa bila baridi kwa saa mbili vimwagwe; joto la hewa likipita nyuzi 32, saa moja ndiyo mwisho. Kwa sababu hiyohiyo, juisi mpya isiongezwe juu ya mabaki ya ya zamani. Chombo kizima kibadilishwe, kilichokwisha kikaoshwe.

Vinywaji vya moto viwe na upande wao, mbali na ukingo na mbali na mikono ya watoto. Chupa ya chai ikitangulizwa maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha yakamwagwa, huhifadhi joto kwa muda mrefu zaidi, ilhali jagi la kawaida la kioo huweza kupasuka likimiminiwa maji ya namna hiyo.

Lebo ziandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka hatua mbili kabla ya kufika mezani, ili mgeni awe amekwisha kuamua anaposhika glasi. Zitaje jina na kile ambacho macho hayawezi kuona: maziwa, karanga, kafeini, asali, kileo. Asali itajwe si kwa wenye mzio tu, bali kwa kuwa haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kama kutakuwa na vileo, sioni sababu yoyote ya kuviweka meza moja na vinywaji vya watoto, hata lebo zikiwa bora kiasi gani, kwa sababu mtoto wa miaka minne hasomi, na juisi nyekundu ni nyekundu tu. Viwe mahali pengine, na mtu mzima mmoja akabidhiwe jukumu la kuviangalia.

Pipa la taka lisikae chini ya meza, ambako halionekani, bali hatua chache upande watu wanakotokea. Pembeni yake pawekwe ndoo ya kumwagia masalio ya vinywaji na barafu. Bila ndoo hiyo kila glasi iliyobaki nusu huishia kwenye mfuko wa taka, na atakayeubeba usiku ataacha mstari wa maji matamu kutoka ukumbini hadi nje. Vitambaa vikavu viwili na tishu viwe juu ya meza panapoonekana, kwani wageni wengi huwa radhi kufuta walichomwaga endapo kitambaa kiko mkononi. Nje, majagi yafunikwe kwa kitambaa chepesi, maana nzi na nyuki hufika kabla ya wageni.

Kujihudumia hakuondoi haja ya mwangalizi. Mtu mmoja, aliyeambiwa waziwazi na si kwa kudhaniwa, apite kila nusu saa kuangalia barafu, maji, vikombe na ndoo, na aonyeshwe mapema akiba imewekwa wapi.

Mwisho, saa moja kabla ya wageni, mwenye sherehe achukue glasi kwa mkono mmoja, ashike sahani kwa mwingine kama mgeni atakavyokuwa, na apite meza yote tangu mwanzo: achukue barafu, afungue koki, atie shira, afute tone, akatupe. Mahali popote atakapolazimika kuweka sahani chini, hapo pana jambo la kurekebisha, na muda bado upo. Barafu ya glasi itolewe baada ya zoezi hilo, mgeni wa kwanza anapokaribia.