Nankhatai 600 za sikukuu: chunga samli, chunga mizani

Nankhatai ishirini za nyumbani hazimshindi mtu. Ukipewa kazi ya kuoka 600 kwa ajili ya baraza la Idi, au za kugawiwa watoto wa madrasa asubuhi ya sikukuu, mapishi ni yaleyale ila mambo mawili yanageuka. Samli inapata muda wa kuyeyuka mikononi mwenu, na mikono minne inafinyanga saizi nne. Karibu kila kinachoharibika katika kazi hii kinatokea kwenye moja ya mambo hayo.

Kwa shughuli ya mtaa, nankhatai inazishinda biskuti nyingi. Haina yai wala maziwa, kwa hiyo inakaa wiki mbili hadi tatu bila jokofu. Mtoto anaweza kuzunguka nayo mfukoni viwanja vya Mnazi Mmoja Unguja au Makadara Mombasa, juani, bila kumchafua. Visheti navyo vitamu, lakini shira inanata kila mahali, na za chokoleti usizifikirie kwa joto la pwani.

Kipimo kimoja (nankhatai 100 za gramu 20)

Unga wa ngano mweupe gramu 900
Suji (wengine huiita semolina) gramu 100
Samli gramu 600
Sukari ya unga gramu 450
Beking pauda vijiko 2 vya chai, vya kusawazisha
Iliki ya kusaga vijiko 2 vya chai
Kungumanga nusu kijiko cha chai, na chumvi nusu kijiko

Kwa 600 zidisha mara sita: unga kilo 5.4, suji gramu 600, samli kilo 3.6, sukari kilo 2.7. Pakiti tatu za unga za kilo 2 zinatosha na kubakiza. Samli nunua kilo 4, maana utahitaji ya kurekebishia. Kama unga ni ule uliokwisha kutiwa cha kuumulia kiwandani, usiongeze beking pauda. Sukari ya unga ikikosekana, saga ya kawaida kwenye blenda kisha uipime baada ya kusaga. Sukari yenye chembe huyeyuka ndani ya oveni na kuzitandaza nankhatai.

Vikombe viweke kando, tumia mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa kinaweza kuzidi kile cha unga uliochekechwa kwa gramu 30. Kwenye keki moja haionekani, lakini kazi hii ingekula vikombe kama 40, na kosa hilo likijirudia unakuta umezidisha unga kwa zaidi ya kilo.

Samli

Samli ya ng'ombe ina harufu ambayo hakuna nyingine inayoifikia, ila inalainika upesi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Samli ya mimea ya kopo inastahimili zaidi lakini haina ladha ya maana. Changanya theluthi moja ya ng'ombe na theluthi mbili za kopo, harufu itabaki na umbo halitapotea. Inuse kabla ya kuimimina: samli yenye ukali puani haifichwi na iliki, na ukishaitia umeharibu kipimo kizima.

Ichome kwa kidole. Shimo likibaki na kingo zake zikasimama, iko tayari. Likijifukia lenyewe, samli imelegea: weka sufuria yake ndani ya beseni la maji na barafu, ukoroge bila kuacha mpaka iwe nzito kama mtindi. Usipoikoroga itaganda mabongemabonge. Sababu yote ya kuoka usiku baada ya tarawehe ni hiyo, hewa imepoa. Zaidi ya hapo, watu wamekwisha kufuturu, mwenye kuonja anaonja.

Kuchanganya

Usichanganye vipimo vyote sita kwa pamoja. Viwili kwa mkupuo vinatosha, kwa sababu unga unaosubiri zamu ya oveni kwa saa tatu unapata joto, samli inatoka nje na mng'ao wa mafuta unaonekana juu yake.

Tia samli na sukari kwenye sinia pana uvuruge kwa kiganja, ukizungusha upande mmoja, dakika 10 hadi 12. Mashine ya kupigia keki inachukua 5. Inatakiwa ibadilike rangi: kutoka njano iwe karibu nyeupe, na ukiinua kidole kibaki kimevaa krimu isiyodondoka. Ule upepo ulioingia humo ndio utakaozilainisha, beking pauda ni msaidizi tu.

Chekecha unga, beking pauda, chumvi na viungo, changanya na suji, kisha umimine kwenye samli kwa awamu tatu. Kusanya kwa ncha za vidole mpaka ushikane. Usiukande kama wa chapati. Ukiukanda, ngano inavuta na nankhatai inatoka ngumu kama kokoto. Funika, weka mahali baridi dakika 20.

Unga ukinata mkononi baada ya hapo, usikimbilie kuongeza unga. Mara nyingi kinachotakiwa ni baridi: urudishe dakika 15 nyingine ndipo uamue. Ukipasuka kingo unapoufinyanga, ongeza samli kijiko kimoja cha chakula kwa kila kipimo, si zaidi.

Sasa finyanga tatu tu, uzioke. Watu huiruka hatua hii kwa haraka, halafu wanajuta na trei nane mezani. Zikitandaa, poza unga zaidi. Zikibaki mviringo kama golori bila kupasuka, unga ni mkavu, ongeza samli kidogo.

Kufinyanga

Trei ya sentimita 30 kwa 40 inachukua 24, mistari minne ya sita. Kwa hiyo kata bonge la gramu 480 kwenye mizani, na bonge moja ni trei moja. Ligawe mara nne, kila robo itoe sita. Hakuna haja ya kupima kila kidonge, na ikibaki 23 au 25 unajua hapohapo kuna aliyekosea. Mwenye viganja vya moto avichovye kwenye maji ya barafu na kuvikausha kila baada ya trei.

Bonyeza kila kidonge katikati kwa kidole gumba, kidogo tu, kisha pachika kipande cha korosho au tone la rangi nyekundu. Tandika karatasi ya kuokea. Kupaka trei mafuta kunazifanya ziteleze na kutandaa.

Moto

Oveni ya umeme au gesi iwe nyuzi 165, iwashwe dakika 20 kabla. Dakika 15 hadi 18. Nankhatai iliyoiva haigeuki kahawia juu: inabaki rangi ya krimu, imepasuka nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka, na ukiigeuza chini ina rangi ya dhahabu. Ukiigusa katikati bado inabonyea. Iache ilivyo, itakaza ikipoa. Anayesubiri ikaze ndani ya oveni anatoa matofali.

Ukioka trei mbili kwa pamoja, zibadilishane nafasi dakika ya 9, la sivyo ya chini itaungua tako. Trei 25 kwa mbilimbili ni mizunguko 13, na kila mzunguko na kuingiza na kutoa ni kama dakika 22, yaani karibu saa 5. Kwa trei mojamoja inapita saa 8, basi gawa usiku mara mbili. Mtu mmoja awe wa oveni tu, asiitwe kufinyanga wala kujibu simu.

Njia nyepesi ni kuomba tanuri la bekari ya mtaani mikate ikishatoka. Linakuwa bado kali mno. Nyunyiza kijiko cha unga kwenye trei tupu, uingize dakika 5: ukitoka wa dhahabu, ingiza nankhatai, ukitoka kahawia iliyokolea, subiri zaidi. Jiko la mkaa lenye sufuria ya mchanga linaoka vizuri ukipalia makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, ila sufuria moja inabeba dazani tu. Hilo ni la dharura, umeme ukikatika.

Zikiharibika

Zilizotandaa na kuungana: samli imeyeyuka, au moto mdogo. Ngumu: unga umekandwa, au zimekaa ndani mno. Zenye ladha ya sabuni: mtu ametia magadi mahali pa beking pauda. Zinazobomoka ukizishika: hukuzipa muda wa kupoa, dakika 10 juu ya trei bila kuguswa, kisha kwenye waya. Zilizobomoka kweli zisagie kwenye puding'i, hazitupwi.

Kuhifadhi na kugawa

Zipoe kabisa, saa nzima, kabla ya kufunikwa. Ikifungiwa na uvuguvugu hata kidogo, mvuke unazilainisha zote na kesho yake zina harufu ya unyevu. Panga kwenye makopo au ndoo zenye mfuniko wa kubana, karatasi kati ya safu na safu, zisizidi safu tano.

Mwezi unaweza kuandama jioni ya tarehe 29, na usiku wa kuamkia 27 watu wako msikitini. Oka tarehe 23 hadi 25 za Ramadhani, zitangoja kwenye kopo bila shida.

Za kugawa zifungwe tatutatu siku moja kabla. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, kwa hiyo tumia ya kaki, na ndani utie kipande cha karatasi ya kuokea ili samli isiivushe doa. Zenye korosho ziwe na boksi lao lililoandikwa kwa herufi kubwa, na mgawaji amuulize mzazi kama korosho zinamdhuru mtoto kabla ya kumpa.